Vidole Gumba vya Mbega

Bogenvilia haichanui kwa kubembelezwa. Ukiimwagilia maji kila asubuhi itakupa majani tele na miiba, basi. Ukitaka rangi, inyime maji. Acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kujikunja, punguza matawi bila huruma, kisha irudishie maji kidogo kidogo. Baada ya wiki chache itawaka zambarau mpaka madereva wa Naivasha Road wapunguze mwendo kuitazama. Watu huniuliza natumia mbolea gani. Huwa nacheka. Mbolea yangu ni kiu.

Hayo niliyasoma katika nchi za Ghuba, Uarabuni. Nilikwenda huko kusugua sakafu za hoteli, nikiwa na sanduku la kuazima na sweta ambayo sikuwahi kuihitaji. Miaka sita baadaye nilikuwa msimamizi wa bustani yote ya hoteli hiyo, wanaume kumi na wanne chini yangu, na nilikuwa na diploma ya kilimo cha maua, niliyoipata kwa kusoma jioni huku miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hakuna aliyenichangia hata nauli. Wenzangu walirudi na televisheni na mabegi ya manukato. Mimi nilirudi baada ya miaka kumi nikiwa na cheti, nikakitundika kwenye kibanda cha kitalu changu hapa Riruta, mahali ambapo mteja hawezi kukosa kukiona. Jumatatu huenda Upper Hill kutunza mimea ya vyungu katika ofisi za maghorofa, na maaskari wa langoni, ambao zamani wangenifukuza kabla sijafungua mdomo, huniita madam.

Dadangu mkubwa hakuenda popote. Nilimwacha Kangemi akiuza mboga, nikamkuta Kangemi akiuza mboga, katika chumba kile kile, pazia lile lile likitenganisha kitanda na jiko. Kilichoongezeka ni mtoto wa kike, aliyezaliwa nikiwa mbali. Kilichopungua ni baba wa huyo mtoto. Msichana alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza, na nilipomwona mara ya kwanza akisoma gazeti lililofungiwa nyanya, akilisoma kweli, kidole kikifuata mistari, nilijua amezaliwa mahali pasipo pake.

Mimi sikujaliwa mtoto, na sihitaji kuhurumiwa kwa hilo. Nilimwambia dadangu waziwazi: nipe nimsomeshe. Karibu na kitalu changu kuna akademia ndogo, walimu wanaofika kwa wakati, watoto wenye soksi safi. Atakaa kwangu, atakula vizuri, atalala kitanda chake peke yake.

Dadangu alifikiria siku tatu. Siku ya nne alikuja na nguo za mtoto ndani ya mfuko wa karatasi.

"Mwaka moja," alisema. "Mwisho wa mwaka tutamwuliza mwenyewe. Akitaka kurudi, anarudi. Akitaka kukaa na wewe, mdogo wangu, mimi sitapiga kelele."

Nilikubali palepale. Sijawahi kuingia shindano ambalo sikukusudia kushinda.

Nilifanya kama ninavyofanya kitaluni. Mwanzoni mtoto alikuwa akienda Kangemi kila Ijumaa jioni. Nikasema Jumamosi kuna masomo ya ziada. Ikabaki Jumapili baada ya kanisa. Nikasema Jumapili moja moja amechoka, tufanye moja ndiyo, moja hapana. Dadangu akipiga simu, nilikuwa mbali na nyumba, au mtoto alikuwa anaoga. Wiki za kwanza msichana alilia. Kisha akanuna. Kufikia muhula wa pili alianza kuchanua, na sioni haya kusema ilikuwa raha kutazama. Kiingereza kilimtoka bila kusukumwa. Alijifunza kula kwa uma. Alianza kuniuliza kwa nini nguo za Mama zinanuka moshi. Nilimweleza kwa upole kwamba si lazima kila mtu shuleni ajue mama yake anafanya kazi gani, na nilimweleza zaidi ya mara moja.

Shuleni mimi ndiye niliyejulikana. Mwalimu wake, kijana mmoja mwenye bidii, aliniita mzazi, nami sikumsahihisha.

Muhula wa tatu ikaja kazi ya nyumbani, moja ya zile ambazo mtoto hupewa na mzazi ndiye huumwa kichwa. Mwanafunzi achague mmea mmoja wa maua na mnyama mmoja wa mitini aliye katika hatari ya kutoweka, awalinganishe, atengeneze mfano wa kila mmoja, na siku ya wazazi asimame mbele ya watu aeleze. Wazazi wengine walilalamika. Mimi nilikunja mikono ya blauzi.

Mmea haukuwa na mjadala. Siku ile ile nilichagua chungu cha bogenvilia na kukinyima maji ili kije kuwaka siku ya wazazi. Mnyama, msichana alijichagulia.

"Mbega," alisema. "Mama ameniambia kuhusu mbega."

Tulizaliwa magharibi, mimi na dadangu, kandokando ya msitu. Mbega tulikuwa nao juu ya vichwa vyetu, weusi wenye mabega meupe, mikia kama usinga. Wazee walivaa ngozi zao kwenye sherehe, na walipozidi kuzivaa, na misumeno ilipozidi kulia, mbega wakaanza kuhesabika. Nilikuwa siwafikirii kabisa kwa miaka mingi. Lakini nilipokaa mezani na mtoto nikiwa nimeshika kalamu, nilishangaa jinsi maneno yalivyokuja.

"Andika," nilimwambia. "Bogenvilia ilitoka ng'ambo ya bahari. Kata kipande, kitie udongoni popote, kitashika. Mbega hawezi. Mtoe mtini mwake, mpe ndizi, mpe mkate, atakufa akiwa ameketi mbele ya chakula, kwa sababu tumbo lake limezoea majani yale yale."

Aliandika.

"Bogenvilia ikikatwa huzidi. Msitu ukikatwa, mbega huhamia mti unaofuata, kisha unaofuata, mpaka abaki na mti mmoja. Hashuki chini akatafute njia. Hukaa pale juu akingoja miti irudi."

Kalamu ilisimama. "Anti, hii ni sayansi ama unamsema Mama?"

"Andika," nilisema.

Nikamwonyesha pia kwamba lile zambarau linalosifiwa si ua. Ni majani yaliyojipaka rangi. Ua lenyewe ni kitone cheupe pale katikati, ambacho hakuna mtu hukitazama.

"Kwa hivyo inadanganya?"

"Inajitangaza. Kuna tofauti."

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Kangemi, na msichana alirudi jioni amebeba mbega. Nitasema ukweli: alikuwa mbega hasa. Dadangu alikuwa ameshona mwili kwa sweta kuukuu nyeusi, akaujaza vitambaa, akachambua gunia jeupe la sukari uzi kwa uzi mpaka likawa manyoya ya mabegani na shungi la mkiani. Uso aliuzungushia weupe. Mikono aliilegeza ili iweze kuning'inia kwenye tawi. Alikuwa ameshona hayo yote kibandani kwake sokoni, kati ya mteja na mteja. Nilimgeuza huyo mbega nikitafuta kosa.

"Mama amesema mbega wakizaliwa ni weupe kabisa," msichana alieleza, akiruka ruka. "Na amesema mmoja akizaa, wenzake wanambebea mtoto. Wanapokezana. Lakini akisikia njaa lazima wamrudishie mama yake. Naandika hiyo?"

"Hiyo haina haja."

Na hapo ndipo nikaliona kosa. Kila mkono wa mbega ulikuwa na vidole vinne.

"Mama yako amesahau vidole gumba."

"Hapana, Anti. Amesema ziko hivyo."

"Mnyama anayeshika matawi siku nzima, bila kidole gumba? Atashika na nini?"

"Amesema ziko hivyo. Yeye ameona."

"Hata mimi nimeona. Tulizaliwa nyumba moja." Nikamtazama. "Mama yako aliacha shule darasa la ngapi?"

 Alijua jibu, na alijua kwamba mimi najua. Nilichukua soksi nyeusi, nikakata, nikashona vidole gumba viwili vinene, kimoja kila mkono, kwa mshono mdogo wa kubana niliojifunza nikirekebisha sare za hoteli. Vilikaa vizuri. Msichana alivigusa kwa ncha ya kidole, kisha akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Siku ya wazazi sikumwalika dadangu. Nilipofika langoni nikiwa nimekumbatia chungu changu, yeye alikuwa hapo tayari, kitambaa cha kanisani kichwani, viatu vimepakwa rangi, mfuko mkubwa wa mboga mkononi.

"Madam wa majuu!" alisema. "Hata hukuniambia ni leo."

"Nilidhani uko sokoni."

"Soko iko kila siku. Mtoto alinong'oneza. Lakini maua yako inawaka, kweli. Umeipikia nini?"

"Na huo mfuko?"

"Managu na mrenda ya mwalimu. Utaenda kwa mwalimu wa mtoto mikono mitupu?"

"Dada, hii ni akademia. Si nyumbani kwa chifu."

"Na mwalimu wa akademia hali?" Alicheka kwa sauti, mama mmoja aliyevaa suti akageuka kutuangalia.

"Basi kaa nyuma," nilisema.

"Nitasimama mlangoni. Hapo kuna hewa."

Nilizungumza kwanza, maana mwalimu alikuwa ameomba mzazi amsaidie mtoto upande mmoja wa kazi. Nilizungumza vizuri. Niliwaeleza kiu, niliwaeleza makasi, niliwaeleza kwamba kile wanachokiita ua si ua, na wazazi waliinama mbele kama watu wanaofichuliwa siri. Nilitaja diploma mara moja tu. Waliponipigia makofi, baba mmoja aliuliza kama ninafika Lavington kutunza bustani.

Kisha msichana akasimama na mbega wake kwenye tawi. Alikuwa ameanza tu, sauti yake ikiwa safi, wakati mwalimu alipofungua kitabu chake mahali penye picha, akakitazama, akamtazama mbega, akakitazama tena.

"Ngoja kidogo," alisema. "Hebu inua mkono wake tuone. Darasa, mbega ana vidole vingapi?"

"Vinne!" wakajibu kwa pamoja, maana walikuwa wamesoma.

"Na huyu?"

"Vitano!"

"Mbega hana kidole gumba. Ndivyo alivyoumbwa. Ana vinne, anavitumia kama kulabu. Tulisema nini juu ya kuchunguza kabla ya kutengeneza?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Huyo anataka kubonyeza simu!" mvulana mmoja alipiga kelele, na wazazi nao wakacheka, wale wale walionipigia makofi. Mama wa suti alicheka mpaka akashika pua.

"Nani alishona hivi vidole?" mwalimu aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu.

 Nimewahi kusimama mbele ya mameneja wa Upper Hill nikawaambia mimea yao inakufa kwa ujinga wao, na sauti haikutetemeka. Hapa nilishindwa kufungua mdomo. Nilimwona msichana akinitazama. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Kisha akamtazama mama yake pale mlangoni.

"Ni huyo mama," alisema, akinyoosha kidole. "Huwa anatuletea mboga. Nilimwomba anisaidie kushona."

Watu wote waligeuka. Dadangu alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lile la kujivunia mtoto wake, na lilikawia usoni baada ya sababu yake kuondoka. Alimtazama binti yake. Alivitazama vile vidole gumba ambavyo hakuvishona. Mwisho akanitazama mimi, na nilijua kwamba ametambua mshono wangu.

Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha, na nilikuwa na pumzi ya kulisema.

"Ni kweli, mama?" mwalimu aliuliza.

"Ni kweli, mwalimu," dadangu alijibu. "Nilikosea. Unajua sisi hatukusoma."

"Hakuna shida, mama. Umejaribu. Kazi ya mkono ni safi sana."

Dadangu alipita katikati ya viti akaweka mfuko mezani kwa mwalimu. "Nimekuletea mboga."

Mwalimu alishukuru, akaingiza mkono mfukoni mwa suruali, akatoa pochi. "Ni ya pesa ngapi?"

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyeona jinsi mabega ya dadangu yalivyoshuka. Yalishuka kidogo sana. "Ya leo ni bure, mwalimu," alisema, akatoka, na kupitia dirishani nilikiona kitambaa cha kanisani kikipita kando ya ukuta, bila haraka, kama mtu aliyemaliza kufikisha mzigo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilibeba chungu, msichana alibeba mbega kichwa chini, akimshika mkia. Tulipofika kitaluni nilimwuliza kwa nini alisema vile.

"Wangekucheka, Anti."

"Na mama yako je?"

"Wewe hupendi kuchekwa," alisema. Alisema kwa sauti ya mtoto anayejibu swali rahisi. "Mama amezoea."

Nilimnunulia chipsi. Sikujua lingine la kufanya, na, niseme ukweli kwa vile nimeanza, sehemu yangu moja ilifurahi. Nilikuwa nimemnyima maji mwaka mzima ili achanue upande wangu, na amechanua mbele ya ukumbi mzima. Nilikuwa nimeshinda kabla swali halijaulizwa. Jambo lililonikera ni dogo tu: nilipompa sahani alisema asante madam, kwa mzaha, kisha akaniangalia kuona kama nimependa.

Jumapili dadangu hakuja kumchukua. Jumapili ya pili vilevile. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokewa, na sasa mimi ndiye nilikuwa napiga. Shule ilipofungwa nilimvalisha msichana gauni lake zuri, tukaenda Kangemi, kwa sababu ahadi ni ahadi na mimi si mtu wa kukwepa. Mtoto aulizwe, ajibu, jambo liishe.

Tulimkuta kibandani, kisu mkononi, akikata sukuma nyembamba kama uzi. Soko lilikuwa limejaa. Alituona tangu mbali na hakuacha kukata.

"Karibuni, kastoma," alisema.

"Dada, acha hivyo. Tumekuja kwa lile jambo. Ulisema mwisho wa mwaka tutamwuliza."

"Lipi?" Aliinua uso. Hakuwa amekasirika, ningependelea akasirike. "Si alishaulizwa? Na mwalimu, mbele ya watu. Si alijibu vizuri?"

Msichana alikuwa amesimama nusu nyuma yangu. "Mama," alisema, kwa sauti ya chini.

Dadangu alifuta kisu kwa aproni. Aliinama juu ya meza mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, na aliongea naye kwa upole kama anavyoongea na kila mtu anayenunua.

"Nikupe gani, mrembo? Sukuma ama managu?"

Nilingoja msichana alie. Nilidhani hapo ndipo atalia, na kwamba nikiona machozi nitajua la kufanya. Lakini alikuwa amekaa kwangu mwaka mzima. Alinyanyua kidevu, kama mimi ninavyokinyanyua langoni Upper Hill.

"Managu," alisema. "Isiyo na vijiti."

Dadangu alizichambua, kijiti kwa kijiti, bila kuharakisha, mteja mwingine akilalamika nyuma yetu kwamba anachelewa. Alizifunga, akampa. Nililipa. Alipokea, akasema karibuni tena, akamgeukia yule aliyekuwa analalamika akamtania kwamba mume wake hatakufa kwa kungoja dakika mbili, na wote wawili wakacheka.

Siku hizi msichana anaitwa wangu na kila mtu, hata na karatasi za shule. Ni wa kwanza darasani. Wateja wangu humpenda, na anajua majina ya mimea yote kitaluni kuliko wafanyakazi ninaowalipa. Wiki iliyopita nilimuuzia mama mmoja wa Lavington miche ya kivuli nikamwambia kimakosa aipande juani. Msichana alikuwa karibu, alisikia, na anajua. Hakunisahihisha. Mama yule aliporudi na miche iliyoungua, kabla sijafungua mdomo, msichana alikuwa ameshamnyooshea kidole mzee anayetumwagilia mimea.

Mzee alisema ni kweli, amekosea. Nami nilimwacha aseme.